Bunduki ya Baba na Kopo la Chumvi

Ipo siku moja ambayo kila nikianza kukunja nguo za safari hunijia, hata kama sijaiita. Ni siku niliyokaa kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa kule Boko, kijana ninayejiona nimeijua nchi nzima, nikisubiri majirani wa baba yangu waseme kama wananijua.

Nikusimulie, mwanangu. Mie si mzee wa kuwekewa kiti cha mbele, ndevu ndiyo kwanza zinachanganya rangi. Lakini juzi uliniambia umechoka kukaa nyumbani, unataka kwenda, na nilipokuuliza unakwenda wapi ukasema popote. Neno hilo nalijua. Nimelitumia sana.

Baba alikuwa na bunduki ya kuwindia ndege, shotgani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, aliyoachiwa na bosi wake wa machimbo ya kokoto, kwa vibali vyote. Kitako chake kiliwahi kupasuka, na jirani yetu Mzee Namkunda, mchonga vinyago aliyetoka kusini kama sisi, akakiunga kwa kijiti cha mpingo. Ule weusi katikati ya mti wa kahawia ulikuwa kama kovu kwenye paji la uso wa mtu unayempenda. Ukishalizoea, uso usio na kovu hilo unauona si wake.

Mama aliiita "mke mwenzangu". Baba akitoka kuwinda alikaa barazani akaifuta, akaipaka mafuta, akaifunga kwenye kitenge cha zamani cha mama ndipo aifungie kabatini.

"Kitenge kipya hujaninunulia," mama alikuwa akisema, "cha zamani umemvika mwenzangu."

Baba alicheka kwa pua na kuendelea kufuta.

Usiitazame Boko ya leo. Wakati huo kulikuwa na mikorosho, vichaka, na mashimo ya kokoto yaliyojaa maji ya mvua, na kanga walipita makundi kwa makundi kama wanawake wanaotoka harusini, wanasemezana wote kwa pamoja. Alfajiri baba alinigusa unyayo, nami niliamka bila neno. Tulitembea kimya mpaka suruali zinalowa umande. Hakuwahi kumpiga ndege aliye chini. Alimsubiri aruke.

"Aliye chini anakula," aliniambia. "Nani anapigwa akiwa anakula?"

Mlio ukishapita, aliifungua bunduki, maganda mawili ya risasi yakaruka nyasini, nami nikayaokota yangali na joto. Ganda la risasi ukilipuliza mdomoni linalia kama filimbi. Nilirudi nyumbani napuliza njia nzima.

Tena hatukurudi moja kwa moja. Hapa ndipo nataka usikilize vizuri, maana mimi mwenyewe sikusikiliza. Baba alipita nyumba kwa nyumba. Paja hapa, mgongo pale, firigisi kwa mjumbe. Penye mgonjwa aliacha kanga mzima. Kila mlango alisimama, akaulizwa habari za bunduki kama mtu anavyoulizwa habari za mtoto, akajibu. Mimi niliona tunacheleweshwa. Tukifika nyumbani tumebaki na shingo na mabawa, na mama anauliza kama leo tena tunakula mchuzi wa harufu.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaondoka. Sikufukuzwa wala sikugombana na mtu. Miguu tu ilikuwa inawasha. Nikawa utingo wa malori ya kusini, nikanunua korosho vijijini kwa niaba ya watu, nikaenda Mwanza kwenye samaki, nikarudi nikapanga chumba Mbagala. Chumba hicho nilikilipia bila kukilalia, maana kila wiki niliitwa na barabara. Mfukoni nilikuwa na ganda moja la risasi. Kwenye vyumba vya wageni, jioni ikiwa nzito, nililipuliza kidogo, nikanusa, nikaiona Boko yote.

Nilipopiga simu nyumbani, salamu zikiisha niliulizia bunduki.

"Nzima," baba alikuwa akisema. "Imekuulizia."

Tunacheka. Nakata simu nimeridhika. Sikumuuliza kifua kinaendeleaje, ingawa nilimsikia akikohoa kabla ya kuchukua pumzi ya kunijibu. Bunduki ilikuwa rahisi kuiulizia. Haikuhitaji mtu arudi.

Alipofariki nilikuwa Songea. Nilifika Boko siku ya pili, udongo wa kaburi umeshaanza kupauka. Mama alikuwa chumbani ameingia eda. Nikampa mkono, nikalia, naye akaninyamazisha kama mtoto. Halafu watu walipopungua akaniambia lile ambalo nyumba yenye silaha haiwezi kulikwepa: mwenye kibali akifa, bunduki haikai ndani. Lazima ipelekwe polisi.

"Mwenzangu naye angekaa eda," alisema, "lakini serikali haijui mambo hayo. Mpeleke, baba. Mfunike vizuri, wasimwone watu njiani."

Nikaifunga kwenye kitenge, nikaipeleka kituoni nikifuatana na mjumbe. Askari aliifungua, akaitazama mitutu, akapitisha kidole kwenye ule mpingo, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayetambua kitu kilichotunzwa. Akaipeleka ndani. Kisha akakikunja kitenge na kunirudishia.

"Hiki si silaha, kijana. Nenda nacho."

Nikatoka na kitenge kinachonuka mafuta ya bunduki. Kufika barabarani nikahisi mikono yangu haina kazi. Tangu dakika ile nikaanza kuitaka ile bunduki kwa namna ambayo sikuwahi kukitaka kitu. Nikaona nikiipata nitakuwa nimempata baba, na nitakuwa na pa kutulia. Nilipouliza nikaambiwa mtoto anaweza kuomba imilikiwe kwa jina lake, lakini ombi linaanzia chini, kwa kamati ya mtaa, watu wanaoishi na wewe. Wao ndio waseme huyu tunamfahamu, tabia yake ni hii. Wasiposema, hakuna anayekusikiliza huko juu.

Nikaona rahisi. Nimezaliwa pale.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Mama Tabu, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kamba, mtu wa maneno machache yasiyorudiwa. Pembeni yake wajumbe, na kati yao Mzee Namkunda, vumbi la mpingo bado kwenye nywele za mikono. Nikawaamkia, shikamoo kwa kila mmoja. Nikaeleza ombi langu. Nikaisifia bunduki, nikataja kitako, nikataja jinsi inavyolia ikifungwa. Nadhani nilikaribia kulia.

Mama Tabu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Saidi, bunduki ile tunaijua," alisema. "Mimi nimekula firigisi zake miaka yote niliyokuwa mjumbe. Namkunda ameiunga mfupa. Nilipolazwa, ndiyo iliyonipikia supu. Hakuna wa kutueleza habari za bunduki ile. Wewe ndiye hatukujui."

"Mama, mimi mtoto wa Mzee Chilumba! Mmenilea hapahapa."

"Tulilea mtoto. Hatuombwi kumpa mtoto silaha, tunaombwa kumpa mwanaume. Mwanaume huyu anaishi wapi?"

Nikataja Mbagala. Akaniuliza jirani yangu wa Mbagala anaitwa nani. Nikasema jina lake silijui.

Mzee Namkunda akaingilia. "Huyu hata chumvi hajawahi kuja kuniomba. Mtu asiyekuomba chumvi utamjuaje? Akikasirika anakuwaje? Akilewa je? Mimi sijui."

"Silewi, mzee."

"Unasema wewe."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mimi nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, na nadhani hilo nalo waliliandika vichwani mwao. Nikasimama nitoke. Mama Tabu hakunyanyua sauti.

"Usikimbie, mwanangu. Bunduki iko polisi, haina miguu. Mwenye miguu ni wewe. Kaa hapa, watu wakuone. Tukishakujua, njoo."

Nilikaa kwa hasira. Nilitaka bunduki yangu, basi. Nikahamia chumba cha uani nyumbani kwetu, nikapata kazi ya kupakia matofali kwa watu waliokuwa wanajenga kila upande. Na nikuambie kweli, mwanangu, nilipata tabu. Asubuhi nilikwenda kusimama kando ya barabara ya Bagamoyo nikitazama magari ya mizigo, nikitaja moyoni linakokwenda kila moja. Usingizi ukawa wa vipande. Nililiparua lile ganda la risasi kwa kucha mpaka rangi yake nyekundu ikaanza kutoka.

Lakini mtaani huwezi kukaa bila kukaliwa. Kukitokea msiba, viti lazima vibebwe, na mwenye mabega anaonekana. Mvua kubwa ikaleta maji ya machimboni mpaka vyumbani mwa watu, tukashinda tumeinama na majembe tukifungua mtaro, Mzee Namkunda akinitukana kwamba nashika jembe kama mtu wa benki. Nikagombana na jirani kwa sababu ya muziki wake wa singeli, tukapatanishwa. Nikachumbia, nikakataliwa, mtaa mzima ukajua, na kinamama wakawa wananipa pole nikipita na mkate wangu.

Hata hivyo siku moja ilinishinda. Sikuwa na sababu. Niliamka tu, nikaona kuta zimesogea. Nikatoa begi, nikapanga nguo, juu kabisa nikaweka kitenge cha mama. Nilikuwa navuta zipu niliposikia mtu anagonga mlango kwa kiganja, kama mtu anayegonga kwake.

"Saidi! Saidi we! Upo?"

Nikafungua. Mzee Namkunda, sahani mkononi.

"Nipe chumvi. Mke wangu kaenda kilioni Lindi, kafungia kila kitu kama vile naiba. Maharage yanachemka."

Nikabaki namtazama.

"Unaangalia nini? Huna?"

"Ninayo, mzee."

Nikachota kwenye kopo, nikammiminia. Akaliona begi. Akalitazama, akanitazama, akaonja chumvi kwa ncha ya ulimi.

"Ukirudi, unirudishie ile patasi uliyoazima kwangu," alisema, akaondoka.

Hakuniambia nisiende. Alisema "ukirudi". Nikakaa kitandani karibu na begi. Sikwenda. Siku ile sikwenda.

Nilipopeleka ombi tena, kamati ilikuwa ileile na benchi lilelile. Mama Tabu hakunihoji juu ya tabia. Aliwatazama wenzake, wakaitikia kwa vichwa.

"Haya," alisema, "mtu tunamjua. Anakasirika upesi, anapoa upesi, analipa. Limebaki moja. Utapiga nini?"

"Kanga," nilisema. "Kanga na kwale."

Mama Tabu akageuza uso kuelekea dirishani, nami nikafuata macho yake. Mabati. Kuta. Mageti. Matangi ya maji juu ya minara. Nguo zimeanikwa pale ambapo baba alinishika bega nisikanyage kijiti kikavu. Miezi yote ile nilikuwa nimepakia matofali ya nyumba zile kwa mikono yangu, na sikuwa nimeona.

"Kwa mchungaji pale kuna kuku," Mzee Namkunda akasema. "Ila ukisubiri waruke utazeeka."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, mwanangu, nikacheka mpaka nikafuta macho, na katikati ya kicheko nikajua kwamba nilichokuwa nakitaka nilikuwa nimekikalia. Lile benchi. Wale watu wenye ruhusa ya kunicheka.

"Basi iacheni huko iliko," nikasema.

Nyumbani mama alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza bila kunyanyua kichwa, "Mwenzangu anarudi?"

"Harudi, mama."

Vidole vikasimama juu ya ungo. Kisha vikaendelea. "Basi nipe kitenge changu."

Nikakitoa kwenye begi. Alikinusa, akajifunga kiunoni, akapika nacho hivyohivyo na harufu yake ya mafuta ya bunduki.

Sasa nasaha yangu ni hii. Kitu alichokipenda mtu wako ni rahisi kukipenda, kwa sababu hakikuulizi ulikuwa wapi. Unaweza kukibeba kichwani ukazunguka nacho nchi nzima, ukajidanganya kwamba unambeba mwenyewe. Ukipiga simu nyumbani, muulize mtu kwanza, ndipo uulizie vitu vyake. Baba hakuithamini ile bunduki kwa mitutu yake. Aliithamini kwa milango iliyomfungulia, nami niliipenda nikairuka milango.

Sikuzuii kuondoka. Ningekuwa mnafiki, maana hata sasa nakuandikia begi likiwa karibu na mlango, na kesho naenda Kilwa. Lakini nitarudi Boko, kwa sababu kuna watu watakaogonga wakinikosa. Hakikisha nawe, kabla hujavuta zipu yako, kuna mlango wako unaoweza kuombwa chumvi na mlango mmoja ambao wewe unaweza kuuomba.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde na ajali na watu wabaya, akupe riziki ya halali popote utakapolala, na akujalie jirani wa kugonga mlango wako kwa kiganja, akiita jina lako kwa sauti kubwa.