Kikwembe Nyuma ya Kioo

Mtoto wetu wa kwanza anafanya kazi Kinshasa. Ndiye aliyetutumia mashini ya kufua. Ilipanda mto kwa boti pamoja na sementi na viti vya plastiki, ikafika bila mkwaruzo. Alifanya hivyo kwa upendo. Hilo naliandika kwanza, ili hasira yangu isimwangukie yeye.

Lakini ile mashini inadhani kila nyumba ina maji, na hapa mtaani kwetu Mangobo bomba limekauka. Tunabeba maji na bidoni, yale madumu ya plastiki, kutoka kwa jirani, kisha nakaa chini mbele yake na kopo, namwaga kidogo kidogo katika kisanduku chake cha sabuni mpaka ishibe. Ikishiba inanguruma. Ikifika kusuuza inaomba mengine. Mume wangu anasema mashini imetuajiri. Kwa maji inayokunywa, mi kwa mkono ningefua nguo za nyumba nzima. Labda nakosea, sikusoma sana, lakini mgongo unajua nani alibeba.

Sasa kwa nini tunaitumia? Kwa sababu kila Jumapili mtoto anapiga simu ya picha: "Maman, nionyeshe inazunguka." Bon, utafanya nini? Unaizungusha.

Mama mkwe wangu alikufa, na ikafika siku ya kuondoa kilio, kumaliza matanga. Familia ilichagua kikwembe kimoja, kitenge cha kijani chenye ndege weupe, mabinti na wake za watoto wote washone kile kile. Usipovaa, watu wanaulizana umegombana na nani. Na mi nilikuwa na sababu ya kuogopa. Wao ni watu wa mto, wavuvi wa hapa hapa. Mi wazazi wangu walitoka jimbo jingine, Maniema. Dada mkubwa wa mume wangu, ambaye sote tunamwita Yaya kwa ukubwa wake, hajawahi kunitukana, niseme kwa haki. Ila tangu mashini iingie aliacha kuniita bokilo, yaani mkwe. Akawa ananiita madame. "Madame hafui tena na mikono yake."

Fundi aliniletea nguo Ijumaa jioni. Nyuma ya sketi kulikuwa na doa la mafuta ya cherehani, jeusi, mahali ambapo watu wote wangeliona nikisimama. Asubuhi, siku yenyewe ya kilio, umeme ulikuwepo. Nikatia mashinini blauzi, sketi na kile kipande cha pili cha kujifunga kiunoni, vyote vitatu, ili kama rangi itapungua ipungue sawa. Nilijiona mwenye akili.

Umeme ukaondoka katikati. Mashini ikanyamaza imejaa maji, na ndege mmoja amebanwa kwenye kioo ananitazama. Nikavuta mlango. Haufunguki. Mume wangu akavuta mpaka mashini yote ikasogea.

"Nivunje?" akaniuliza.

"Uvunje kitu cha mutoto?"

"Basi umuvae ndege huyo kwa macho."

Tukatafuta kile kijitabu chake. Kinasema mlango unajifunga kwa usalama wetu. Utulinde na nini? Nguo ni yangu. Sabuni ni yangu. Maji niliyabeba mimi. Mlango uko ndani ya nyumba yangu, na ruhusa ya kuufungua iko huko kwenye waya. Watu wa umeme siwalaumu sana, mitambo yao imezeeka, wanaamka gizani kama sisi. Lakini yule aliyefikiria mlango ule, hakuwahi kuishi siku moja umeme ukaondoka? Sijui. Labda kwao hauondoki. Basi angeuliza.

Yaya akaja kunichukua, amevaa kamili, kijani toka kichwani mpaka miguuni. Akanikuta na gauni la nyumbani.

"Madame, watu bako wanangoja."

Nikamwonyesha tu. Akainama mbele ya kioo, mikono juu ya magoti.

"Kikwembe ya mama iko ndani?"

"Iko."

"Na hapana kufunguka?"

"Mpaka umeme urudi, Yaya."

"Donc mashini inangoja umeme, na mama anangoja sisi." Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakifungua kile kipande chake cha pili kiunoni, akanitupia. "Vaa blauzi nyeupe, funga hii."

"Na wewe, Yaya?"

"Mi? Nani ataniuliza kama niko mutoto wa mama?"

Tukaenda. Shangazi mmoja wa mume wangu alinitazama toka juu mpaka chini, akauliza blauzi yangu iko wapi. Yaya alimjibu kabla yangu: "Mashini ilimukamata." Wakacheka wote. Nami nikacheka. Nilikaa kati ya watu wa mume wangu na nguo ya kuazima, na yangu imelala nyumbani ndani ya maji.

Jumapili mtoto akapiga. "Maman, nionyeshe." Nikamwonyesha ndege kwenye kioo, maji yametulia. Akasema pole. Kisha nikageuza simu upande wa basani, lile beseni ambamo nilikuwa nafua.

"Hicho kikwembe cha nani?"

"Cha shangazi yako."

Nilikirudisha jioni ile ile, nimekipiga pasi ya makaa. Yaya alikinusa.

"Na mikono?"

"Na mikono."

"Ingia ukae, bokilo."

Umeme ulirudi kesho yake. Nikabeba maji mengine, kwa sababu bila kuimaliza kazi yake mashini haikukubali kufungua. Doa lilikuwa limetoka, lazima niliandike. Lakini kikwembe kilinuka kama mihogo iliyolowekwa ikasahauliwa. Nikakichukua mpaka kwenye basani, nikaanza upya.