Darasa Lililojifunza na Pumzi ya Mwalimu

Saa kumi na moja jioni, mwalimu anapiga funda la maji ya uvuguvugu na kugonga meza. Wanafunzi wake, watu wazima waliotoka kazini, wananyamaza.

"Hablar," anasema. Anavuta pumzi. "Ía."

"Hablar... ía!" linaitikia darasa. Ningezungumza.

Kwa miaka kumi na minne amefundisha Kihispania hivi, kwa kuitikizana, bila kitabu. Somo la leo ni mambo ambayo yangekuwa. Kitenzi cha kawaida hakikatwi, anaeleza. Kiache kizima, kisha ukibandike mkia: comer, kula, kinakuwa comería, ningekula.

Lakini kooni mwake mmeota uvimbe. Sauti inakwaruza kama bawaba yenye kutu, na pumzi humwishia pale pale, kabla ya mkia.

Mwezi uliopita, wanafunzi watatu walifanya mtihani wa kuzungumza. Wote walisita mahali pale pale, kabla ya mkia. Mtahini akawauliza kama wana pumu.

"Sisi tulidhani ndivyo Wahispania wanavyosema!" anasema dereva wa teksi, ambaye wenzake humwita Honi. "Mwalimu, umetuambukiza kikohozi."

"Na kikohozi chenyewe mnakikohoa kwa lafudhi mbaya."

Darasa linaangua kicheko. Yeye hacheki, kucheka kunamuuma.

Jumatatu atapasuliwa. Daktari hakumficha: huenda sauti isirudi. Dada yake, anayeishi naye katika chumba na sebule, amemsihi anyamaze tangu sasa.

"Mdogo wangu, sauti haiazimwi kwa jirani. Ikiisha, imeisha."

"Nikinyamaza, dada, tutakula nini? Huo ukimya?"

Akiulizwa angefanya kazi gani kama asingekuwa mwalimu, anazungusha kikombe chake.

"Ningeimba," ananong'ona. "Cantaría." Kisha anatazama dirishani.

Amepanga kurudi baada ya miezi miwili, Mungu akipenda. Hadi hapo, Honi ataongoza marudio. "Nikirudi, kazi ya kwanza ni kuliziba hilo pengo la kabla ya mkia," anasema.

Anampisha Honi mezani, naye anakwenda kuketi kiti cha nyuma kabisa. Honi anajikohoza, anagonga meza.

"Vivir," anasema. Kuishi.

Darasa zima linasita, likingoja. Huko nyuma, mwalimu anavuta pumzi.

"Ía!" linaitikia darasa.