Nyota ya Jaa Aliyoachiwa Mama

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno matamu, na maneno ndiyo aliyotuachia. Alikuwa baharia wa meli za mizigo. Siku alipoondoka Pangani, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, alimwambia mama: "Kila ukishaswali isha, tazama nyota ya Jaa. Haitoki mahali pake. Nyingine zote zinaizunguka. Nami nitaitazama popote nilipo. Maadamu unaiona, jua narudi."

Mama hakuwa na elimu ya nyota. Alichojua ni kwamba Jaa iko kaskazini, na kwetu kaskazini ndiko kibla. Basi akishatoa salamu alibaki palepale juu ya mkeka, uani, akainua macho. Akachagua nyota moja iliyong'aa chini chini, juu ya makuti ya jiko, akaing'ang'ania hiyo.

Lakini haikutulia. Ilisogea kidogo kidogo hadi kwenye paa la jirani, kisha ikapotea kabisa. Ikipotea, mama alikosa raha. Alisema baba anaumwa, au amefungwa nchi za watu. Alipika maandazi akawapelekea watoto wa chuo cha Kurani ili wamwombee dua. Miezi ikapita, nyota ikarudi, naye akapaka hina. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, na nilikasirika mno. Hina ya nini, kwa mtu asiyeleta hata salamu?

Kaka yake mama alikuja kila Ijumaa na wimbo uleule. "Dada, twende kwa kadhi akutenganishe na mtu huyu. Ungali kijana, utaolewa."

"Nyota yake naiona," mama alimjibu. Mjomba akaondoka akisikitika, akidhani akili zimemruka.

Miaka ikaenda hivyo. Alasiri moja akatupitia baharia mwenziwe baba, aliyekuja mazikoni mjini. Nikamwamkia shikamoo, mama akamkaribisha kahawa. Hakumwuliza habari za baba, aliona haya. Alisema tu, "Shemeji, hii Jaa yenu mbona huku inatangatanga?"

Mgeni akacheka, bila ubaya. "Jaa? Huku haionekani, shemeji. Mkitoka nayo Uarabuni inashuka kila usiku, mpaka mkifika Lamu imeshazama. Sisi ikitupotea ndipo tunafurahi, tumekaribia nyumbani."

"Baharia yeyote anajua hilo?"

"Hata mpishi wa melini."

Nilimtazama mama, nikafahamu alichofahamu. Baba alijua. Nilimchukia siku ile, na sijaacha.

Mgeni alipoondoka mama aliangua kilio, majirani wakaja mbio wakidhani tumefiwa. Hakuwakatalia. Wakatandika mikeka, wakatupa pole, wakakaa nasi hadi magharibi.

Ijumaa mjomba alipokuja alimkuta dada yake barazani, amevaa buibui, anamngoja ampeleke kwa kadhi. Tulitembea sote watatu. Karibu na mlango wa kadhi mama akasimama.

"Angeniambia tu kwamba harudi," alisema, "ningelia nikamaliza wakati ule ule."