Diplome Kubwa Kama Mlango

Wakati wa Wabelgiji, shule ya jioni ilinipa diplome, yaani cheti, ya ushonaji, kubwa kama mlango wa msikiti. Nilipopita nayo sokoni Kasongo, mbuzi waliacha kula wakaitazama. Tajiri mmoja mwenye duka naye akaitazama, akanikabidhi palepale mashini yake ya kushonea, ile ambayo mafundi wasio na karatasi walikuwa wamemwomba mpaka wakachoka.

"Kaa hapa barazani, fundi. Lakini Idi ikifika na wateja hawakuje, mashini iko ya mutu mwingine."

Nikatundika diplome ukutani, na meta, ule utepe wa kupimia, nikaivaa shingoni. Ramadhani ilipoanza, mama mmoja akaniletea kitambaa pamoja na gauni lake la zamani. Ndiyo ilikuwa desturi ya kwetu: fundi anaangalia nguo ya zamani, anashona mpya, hamgusi mtu. Mimi, kichwa kimejaa masomo, nikamrudishia gauni lake.

"Mama, sisi wa diplome tunapima mwili. Simama wima."

Akakunja kitambaa. "Bwana yangu mwenyewe hajanizungushia kamba kiunoni. Weye iko nani?"

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika Kabambare, mji wa mbali. Nadhani hata samaki wa mto Lualaba waliipata. Wanawake wakawa wanapita mbali na baraza, wakivutana ushungi na kucheka: "Kimbieni, atatupima!" Nikabaki kushona mfuko wa suruali yangu, tena na tena, mpaka ukawa mgumu kuliko kiatu.

Nikamweleza mke wangu kwamba mashini inaondoka. Akauliza, "Diplome inasema meta ishikwe na mwanaume?"

Haikusema.

"Basi lete."

Kesho yake akaketi uani, nyuma ya duka, pamoja na mke wa tajiri. Wanawake wakaingia huko, yeye akawapima, akaniletea vipimo barazani, mimi nikakata. Yule mama wa kwanza alivaa gauni jipya akainua mikono juu kama anayeogelea. "Kumbe! Lile la zamani lilikuwa linanibana kwapa tangu niolewe!"

Idi ilipokaribia, tajiri alishindwa kuingia dukani kwake kwa wingi wa watu. Akapaza sauti kutoka barabarani:

"Fundi, mashini inabaki! Lakini bibi yako, naye iko na diplome?"

Mke wangu akajibu kutoka uani, "Hii ya kwake ni kubwa, baba. Inatutosha wawili."