Kijani cha Mlango wa Msikiti

Mama alikataa kupanda. Gari lilipofika kwake Mbale, chini ya mlima Wanale, likivutwa na lori, alilizunguka mara moja, akagusa boneti, akarudi kuketi barazani.

"Magari ya namna hii yalikuwa mengi," alisema. "Siketi katika gari la watu wengine nikamlilie baba yako humo."

Nilikuwa nimelipata Nakaloke, kwenye banda la mfanyabiashara wa mahindi, kuku wakilala juu ya viti. Lilikuwa la aina ile ile kama gari la baba, lililochukuliwa na wanajeshi nilipokuwa mdogo. Namba hazikuwepo na injini ilikuwa nyingine. Muuzaji alijua tu kwamba alilinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu.

"Kama ni lake," mama aliniambia nikiondoka, "chini ya betri utakuta rangi ya mlango wa msikiti. Baba yako aliupaka mlango ule, akabaki na kopo, akasema haitupwi."

Nikalipeleka Jinja, nyumbani kwangu Kimaka. Kazi hii nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kuharibu, na nina kanuni moja: sipaki rangi kitu ambacho sijakifungua. Nilitoa betri, rejeta, kichujio cha hewa na kila kishikizo, bolti zake zikiwa katika mkebe wake. Kisha nikaiweka mezani trei ya betri, bati linalokaliwa na betri, peke yake.

Nilisugua kwa msasa wa maji, taratibu. Ilitoka nyeusi, kisha kijivu, kisha kijani, nikasimama. Lakini kilikuwa kijani kilichofifia, cha malori ya jeshi, na chini yake palikuwa na bati tupu.

Rafiki yangu mmoja, mzee Kalasinga mwenye karakana mjini, alikuja kutazama. Aliigeuza trei, akacheka.

"Bwana, hii si ya gari hii. Ona matundu, mtu ametoboa mwenyewe. Asidi inakula trei, wanaweka ingine, inakula tena. Wewe unauliza shahidi ambaye hakuwepo!"

"Sasa nimwambie mama nini?"

"Mwambie hujui. Paka nyeusi, twende tunywe chai."

Chai tulikunywa, lakini sikupaka. Swali lilikuwa limenikaa: baba alipakaje? Mimi ningeifungua trei kwanza. Baba aliuza vitambaa na hakuwa na spana hata moja. Nikakumbuka madirisha yetu, vioo vyenye rangi pembeni, bawaba zilizogandishwa kwa rangi. Alipaka kitu pale pale kilipo. Na rangi nzito ya mlango, ikizidi juu ya trei, ingekwenda wapi?

Nililala chali chini ya gari na tochi na kitambaa chenye thina ya rangi. Chini ya mahali pa trei, chesisi, fremu ya chini ya gari, ilifunikwa na ganda la grisi na vumbi. Nililikwangua kwa kipande cha plastiki, si kwa chuma, likatoka vipande vipande. Nyuma yake kulikuwa na mchirizi wa kijani, mbichi kama jani la mgomba, ulioishia kwa tone nene. Ndani ya tone mlikuwa na unywele wa brashi.

Nilimpigia mama.

"Trei haina kitu," nikamwambia. "Ilibadilishwa. Lakini kwenye chesisi kuna tone."

"La kijani?"

"La kijani. Lilidondoka kutoka juu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mtu yule! Hata zulia langu alilidondoshea. Namwambia tandika gazeti, ananiambia ni tone tu." Kisha akaongeza: "Lilete, mwanangu. Nitaketi mbele. Ila viti ubadilishe, sikai walipolala kuku."

Sehemu nyingine zote nilizipulizia nyeusi isiyong'aa, zikiwa zimefunguliwa, tabaka jembamba juu ya jembamba. Trei mpya niliifunga kwanza kwenye gari, nikaipaka kijani kwa brashi, pale pale ilipo. Chini yake, juu ya tone la baba, nilitandika gazeti.