Mstari Uliokataa Kutulia

Heinke Lorenzen alistaafu zamani, lakini kila akipita Bahrenfeld, magharibi mwa Hamburg, hupunguza mwendo wa baiskeli. Chini ya mitaa ile, ndani ya handaki, mtambo mkubwa ulikuwa ukigonganisha elektroni na protoni. Protoni ni ndogo mno, haionekani kwa macho. Ya ndani yake utayajua tu kwa kutazama elektroni imerukia upande gani na imebaki na nguvu kiasi gani. Kazi ya Heinke ilikuwa kuyasoma hayo.

Majira ya baridi ya kwanza ya mtambo huo, mchoro wake ulimshangaza. Wengi walitarajia kwamba chembe za ndani (kwarki, na gluoni zinazozigandisha pamoja) zinazobeba sehemu ndogo kabisa ya mwendo wa protoni zingekuwa za wastani kwa idadi, mstari utulie. Wa kwake ulikuwa ukipanda.

"Bibie, kifaa kinakuchezea," alisema Eike Thaden, waliyegawana naye chumba cha kazi, huku akitafuna mkate wa mdalasini. "Kinasoma nguvu pungufu."

"Basi tukikague. Na makombo yako usinimwagie mezani."

"Si ndiyo data yako hiyo?"

Walikikagua. Wakapima upya kwa njia nyingine, kwa kutumia pembe peke yake, wakaitupa migongano yote yenye shaka. Wiki hizo Heinke hakuwa na raha. Aliogopa Eike asije akawa amesema kweli. Mstari ukashuka kidogo, lakini bado ulipanda. Eike aliutazama, supu yake ya njegere ikipoa.

"Haya," akasema mwishowe. "Gluoni zimejaa humo tele. Mimi nilidhani wanaishi kwarki watatu na gundi yao kidogo, kumbe pana harusi."

Hapo wakaanza ubishi mpya: je, gluoni huongezeka tu, au hufika mahali zikaanza kumezana? Eike alisema vipimo vyao vinaonyesha zinamezana. Heinke alisema havitoshi kuamua. Waliubeba ubishi huo mpaka siku mtambo ulipozimwa, watu wakajazana chumba cha kuuongozea, wengine wakifuta machozi.

Eike alihamia Husum kwa binti yake. Jumapili hupiga simu.

"Umeshakubali?"

"Bado. Goti lako vipi?"

Wakimaliza, Heinke hukaa kidogo dirishani na chai yake, akizitamani zile asubuhi ambazo mtu wa kubishana naye alikuwa kiti cha pili tu.