Wigi Langu na Makato Niliyoyaogopa

Leo nimeshinda na kilemba kichwani, na sababu yake nawaambia nyinyi tu.

Mimi, Mama Kulwa, muuza mchele hapa Kahama, niliagiza wigi mtandaoni kutoka Geita. Hela inashikiliwa na programu ya simu niliyoagizia mpaka mnunuzi abonyeze "Nimepokea", ndipo muuzaji analipwa.

Wigi likaja na basi, nikalivaa siku hiyohiyo. Kubonyeza ndiko kulinishinda. Sisi tumezoea kuambiwa "tuma na ya kutolea", yaani anayetuma hela ndiye anayebeba makato, nikajua nikibonyeza tu nitakatwa mimi. Kwa hiyo muuzaji alipoandika, "Mama, mzigo umefika?" nikamjibu, "Bado, mwanangu. Waulize watu wa basi." Nikajiona mjanja kweli.

Jana akaja binti sokoni, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nikupimie kilo ngapi?"

"Sinunui, mama. Namtafuta mteja wangu, Mama Kulwa. Wigi lake limepotea kwenye basi, na kondakta anakaribia kufukuzwa kazi. Ni la kahawia, fupi, na mbele nililifunga shanga moja ya bluu."

Alisema hayo macho yake yakiwa juu ya paji langu la uso. Jirani yangu muuza dagaa akadakia, "Mama Kulwa si huyo unayeongea naye?"

Mkono wangu ukapanda wenyewe kuifunika ile shanga.

"Bonyeza tu, mama," binti akasema taratibu. "Wengi wanaogopa kukatwa. Hakuna makato."